Kati ya Picha Mbili

Daktari aliiweka picha kwenye ubao wenye taa, akatuonyesha kwa ncha ya kalamu. Tulikuwa watatu: mjomba, mimi, na bibi aliyeketi nyuma yetu akikunja na kukunjua pindo la khanga yake. "Hapa," alisema daktari, "na hapa. Mnaona palivyosinyaa?" Hatukuona. Tuliona vivuli vyeusi na vya kijivu, kitu kama koliflawa iliyokatwa katikati. Hata hivyo tulitikisa vichwa, maana daktari alikuwa mpole na foleni nje ilikuwa ndefu. Mjomba aliuliza kama kuna dawa. Bibi aliuliza tunaondoka saa ngapi.

Tangu siku ile nyumbani kwetu palizuka namna mpya ya kusoma. Bibi akitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi, tulisema: ndiyo ile picha. Akikataa kuoga: ile picha. Akimkaripia mama mdogo kwa jambo ambalo, kusema kweli, mama mdogo alistahili kukaripiwa, tulitazamana: ile picha. Mwanamke aliyelea watoto sita na kuiongoza nyumba kwa ulimi mkali hakuwa tena na haki ya kukasirika. Hasira yake sasa ilikuwa dalili.

Kwa sababu hiyo nilivisoma vitabu viwili ambavyo vinginevyo nisingevigusa. Kimoja kiliandikwa na mume kuhusu mkewe mwandishi. Kingine na mtafiti kuhusu watawa. Vyote ni vitabu vya mambo ya kweli, na vyote vinakabili swali lililotushinda sisi: ukishaonyeshwa ubongo wa mtu, utamsomaje mtu mwenyewe?

Tuanze na picha yenyewe, maana ndiyo inayoheshimiwa kuliko mashahidi wote. Ndani ya ubongo, upande wa kila sikio, kuna kipande kidogo kilichojikunja ambacho wataalamu wa zamani walikiona kinafanana na farasi-bahari, yule samaki mdogo mwenye kichwa cha farasi. Jina lake, hipokampasi, linatokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyo. Ndicho kinachotusaidia kushika mambo mapya: nani alikuja leo, funguo zimewekwa wapi. Ugonjwa wa Alzheimer huvamia mapema eneo hilo na jirani zake. Protini iitwayo tau hujifunga mafundo ndani ya seli za neva, na nyingine iitwayo amiloidi hujikusanya kama madoa nje ya seli. Alois Alzheimer, daktari Mjerumani, aliyaona yote mawili kwa hadubini katika ubongo wa mgonjwa wake Auguste Deter, aliyefariki Frankfurt mwaka 1906. Mwaka 1991 Heiko na Eva Braak waligawa safari ya mafundo hayo katika hatua sita, kuanzia ujirani wa hipokampasi hadi sehemu kubwa ya gamba la ubongo. Seli zikifa, kipande hicho hupungua, na vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo hupanuka. Hicho ndicho tunachoonyeshwa kwenye MRI ya kawaida: hatuonyeshwi mafundo wala madoa, tunaonyeshwa nafasi iliyoachwa.

Na nafasi iliyoachwa inaweza kuachwa na wengi. Hipokampasi husinyaa kwa uzee wa kawaida, kwa kukosa damu, kwa magonjwa mengine ya ubongo yasiyo Alzheimer. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipopendekeza kwamba, katika utafiti, Alzheimer itambuliwe kwa alama za kibayolojia, walitaka ushahidi wa amiloidi na tau ndio utoe jina la ugonjwa. Kusinyaa kulibaki kuwa kipimo cha uharibifu: kunaeleza umefika wapi, hakusemi umeletwa na nani.

Tena, uharibifu huo ni mwendo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba hipokampasi ya mgonjwa wa Alzheimer hupungua kwa takriban asilimia 4.7 kila mwaka, na ya mzee asiye na ugonjwa huo kwa asilimia 1.4. Mwendo hauonekani kwenye picha moja. Unahitaji picha mbili zilizopigwa kwa kuachana, na kati ya picha hizo mbili unapita muda ambao mashine haiupigi picha: asubuhi, milo, ugomvi, mazishi, usiku usio na usingizi. Kwa vitabu vya namna hii, muda huo ndio uwanja wao. Nitavipima kwa wanavyoutumia.

John Bayley alikuwa profesa wa fasihi na mhakiki huko Oxford. Mkewe, Iris Murdoch, alizaliwa Dublin mwaka 1919, akafundisha falsafa, akaandika riwaya 26, na mwaka 1978 akapata tuzo ya Booker kwa The Sea, the Sea. Walioana mwaka 1956. Mwaka 1997 ikathibitika kwamba ana Alzheimer, na mwaka uliofuata Bayley akatoa kitabu kumhusu, Iris, ambacho Marekani kilipewa jina Elegy for Iris. Sehemu kubwa aliiandika kitandani, mkewe amelala ubavuni mwake.

Uzuri wa kitabu hiki uko katika mpangilio wake. Kinafungua na wawili hao wakienda kuogelea mtoni siku ya joto, kama walivyofanya tangu ujana. Mto ni uleule, ila sasa mume anamsaidia mke kuvua nguo na kuingia majini. Bayley haelezi maana ya tukio. Anatuacha tuupime umbali wenyewe, tukiwa na msichana wa zamani upande mmoja na bibi kizee upande wa pili, na maji yaleyale kati yao. Huo ndio muda kati ya picha mbili, umeandikwa na mtu aliyeuishi. Anakiri pia kwamba hukasirika, hupaza sauti, huchoka na maswali yanayorudiwa. Aliyewahi kumwuguza mtu wa namna hii atamshukuru kwa kurasa hizo kuliko kwa zile za mapenzi. Sisi nyumbani tulikuwa tunaificha hasira yetu na kuitangaza ya bibi.

Lakini kuna jambo Bayley analifanya tena na tena ambalo nilianza kulikwepa kadiri nilivyosoma: anamfanya mkewe mtoto. Tunamwona Murdoch, mwanafalsafa, akitazama Teletubbies kwenye televisheni, na mume anaona katika utulivu ule aina ya neema. Kwetu tunasema mzee amerudi utotoni. Ni msemo wa huruma, nami nimeutumia mara nyingi, ila nikiusoma umetandazwa kitabu kizima naona unachochukua. Mtoto hana nyuma. Ukimwita mzee mtoto unamfutia yale aliyoyajua na kuyakataa, na watu aliowahi kuwakosoa kwa haki. Mtoto hana maoni kuhusu namna anavyoandikwa. Murdoch, aliyetumia maisha yake kuwapa watu wa kubuni sauti zao, yumo ndani ya kitabu hiki bila sauti, na kilitoka akiwa hai lakini hawezi kukijibu. Simlaumu Bayley kwa kuandika. Namlaumu kwa kutojiuliza kwa sauti, hata ukurasa mmoja, kama mwenye maisha haya angeruhusu.

Murdoch, hata hivyo, aliacha ushahidi wake, na historia ya usomaji wake ndiyo onyo kubwa kuliko yote. Riwaya yake ya mwisho, Jackson's Dilemma, ilitoka mwaka 1995. Wahakiki walitatizika: ilionekana nyembamba na isiyoshikana kama zile za nyuma. Yeye mwenyewe alikiri kwamba kuandika kumekuwa kugumu, akafikiri ni ukavu wa kawaida unaowapata waandishi. Alifariki Februari 1999, na uchunguzi wa ubongo wake ukathibitisha ugonjwa. Mwaka 2005 Peter Garrard na wenzake wakachapisha ulinganisho wa riwaya tatu, ya kwanza Under the Net ya mwaka 1954, The Sea, the Sea, na hiyo ya mwisho. Sarufi haikuwa imebadilika sana. Msamiati ulikuwa umepungua: maneno machache zaidi tofauti, na mengi zaidi ya yale yanayotumiwa kila siku. Murdoch aliandika kwa mkono na hakupenda wahariri waguse kazi yake, kwa hiyo kilichochapishwa kilikuwa chake. Dalili ilikuwa imekaa kwenye ukurasa kabla daktari yeyote hajamtazama.

Ni kazi makini, na sina ugomvi na hesabu zake. Ugomvi wangu ni na sisi wasomaji. Hesabu ya msamiati ni ya kitabu kizima. Haisemi sentensi hii ni ya ugonjwa na ile ni ya Murdoch. Sisi ndio tunaovuka mpaka huo. Mwishoni mwa Jackson's Dilemma, Jackson, mtumishi wa ajabu ambaye maisha ya wengine yamemzunguka, anahisi nguvu zake zikimtoka. Nani leo atasoma kurasa hizo asione hipokampasi? Tunasema: alikuwa anajiandika, ubongo ulikuwa unajiaga. Lakini rudi kwenye The Sea, the Sea, iliyoandikwa miaka 17 kabla, mwandishi akiwa na nguvu zake zote. Charles Arrowby, mwongozaji wa tamthilia aliyezoea kuwatawala watu, anakwenda kuishi pwani akidai ameiacha enzi yake. Mtu mwenye nguvu na namna nguvu zinavyomwacha: hiyo ilikuwa mada ya Murdoch kabla haijawa ugonjwa wake. Anayeisoma riwaya ya mwisho kama picha ya ubongo tu anapoteza mwandishi aliyekuwa bado anashughulika na swali lake la siku zote, kwa maneno machache zaidi.

Na njia ikishafunguliwa hupitwa na wengi. Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Toronto lilipima riwaya za Murdoch, za P. D. James, aliyezeeka bila ugonjwa huo, na za Agatha Christie, ambaye hakuwahi kupimwa na kuambiwa ana Alzheimer maishani mwake. Msamiati wa Christie nao ulionekana umepungua katika vitabu vya uzeeni, na watafiti wakaona dalili za kumshuku. Watafiti waliandika kwa tahadhari. Sisi tuliosoma habari kwa kupita tulibaki na uchunguzi wa daktari juu ya mtu aliyekwisha kuzikwa.

Kitabu cha pili kilinishangaza kwa sababu nilikitegemea kiwe kikavu. David Snowdon ni mtafiti wa magonjwa ya jamii. Mwaka 1986, akiwa Minnesota, alianza kuwafuata masista wa shirika la School Sisters of Notre Dame nchini Marekani. Kati ya 1,027 walioombwa, 678 wenye umri wa miaka 75 na zaidi walikubali kupimwa kumbukumbu kila mwaka na kutoa ubongo wao baada ya kufa. Kitabu chake, Aging with Grace, kilitoka mwaka 2001.

Kurasa zilizonishika ni zile za kuomba. Snowdon anasimama mbele ya akina mama wazee, wengi wao walimu wastaafu, na kuwaomba vichwa vyao. Wanamuuliza maswali. Wanatania. Wanakubali, wakijua wanachokubali. Kwa hiyo hata ubongo unapofika mezani umekwisha kuwa na mwenyewe, na mwenyewe ametoa neno. Mwanasayansi ameandika kile ambacho mume mwenye mapenzi hakukiandika.

Halafu yuko Sista Mary. Alikufa na miaka 101, akifanya vizuri katika vipimo vya kumbukumbu. Ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa umejaa mafundo na madoa. Kwa macho ya hadubini alikuwa mgonjwa. Kwa macho ya masista waliokula naye chakula hakuwa. Wengine walikuwa kinyume chake, uharibifu kidogo na usahaulifu mkubwa. Snowdon na wenzake waliona pia kwamba miongoni mwa masista ambao ubongo wao ulikuwa na alama za Alzheimer, wale waliokuwa na makovu ya viharusi walikuwa na dimensia kwa wingi zaidi. Kwa hiyo kinachoonekana ndani ya fuvu ni kweli, kina uzito, na bado hakitoshi kukuambia ni nani atakayekufungulia mlango. Snowdon ana ujasiri wa kumweka Sista Mary katikati ya kitabu badala ya kumficha chini ya wastani.

Kasoro yake iko mahali pengine. Wakiwa wasichana wa karibu miaka 22, masista wengi waliandika wasifu mfupi kabla ya kula kiapo, na shirika likautunza. Snowdon na mtaalamu wa lugha Susan Kemper walihesabu wingi wa mawazo katika kila maneno kumi ya maandishi hayo. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1996 yanatisha: kati ya masista 14 waliokuwa wamefariki, wote waliokuwa na mawazo machache katika wasifu wa ujanani walikutwa na Alzheimer, na hakuna hata mmoja wa wale wenye mawazo mengi. Kumi na wanne ni wachache, na Snowdon anajua. Lakini simulizi ya kitabu inalipenda tokeo hili kupita kiasi, mpaka insha ya msichana inaanza kusomeka kama hukumu iliyosubiri miaka 60.

Hapo ndipo nilipokwenda kutafuta barua ya bibi. Tunayo moja, ya mwaka 1974, aliyomwandikia babu alipokuwa kwenye mashamba ya mkonge. Nakiri nilikwenda na kalamu kuhesabu. Nilikwama mstari wa kwanza. Je, neno moja la Kiswahili lina mawazo mangapi? "Hawakumpelekea" ni neno moja. Mwingereza angelihitaji maneno sita, yakiwa na watendaji, mtendewa, wakati na kukanusha. Kipimo kilichoshonwa kwa Kiingereza hakimvai bibi bila kukatwa upya. Halafu nusu ya barua ni salamu: dhumuni la kukuandikia ni kutaka kujua hali yako, sisi huku hatujambo, fulani anakusalimu na fulani anakusalimu. Hiyo ilikuwa adabu ya barua. Mwanamke ambaye angeruka salamu ili aongeze mawazo angeonekana hana malezi. Kwa hesabu angeanguka.

Na baada ya salamu zote, karibu na mwisho, kuna habari moja: mbuzi mmoja ameuzwa, bila babu kuulizwa, na pesa zimelipa karo. Hakuna kuomba radhi. Humo mwote bibi yumo, na hakuna jedwali lingempata. Wasifu wa masista nao uliandikwa kwa adabu fulani, na wasichana waliojua nani angeusoma. Snowdon angefanya vyema kulitazama hilo kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuipa insha uwezo wa ramli.

Nikiulizwa kipi kisomwe kwanza, nitasema cha Snowdon, na hasa na familia zilizotoka kuonyeshwa picha wiki hii. Kinaheshimu ubongo bila kuufanya kadhi wa mtu. Cha Bayley kisomwe baadaye, usiku, na anayeuguza, kwa ajili ya zile kurasa za hasira na ule mto. Jackson's Dilemma isomwe kama riwaya ya Iris Murdoch, ambayo si nzuri kama nyingine zake. Hilo ni neno la uhakiki, na mwandishi anastahili uhakiki. Kumsamehe kila sentensi kwa sababu ya ugonjwa ni njia nyingine ya kuacha kumsoma.

Daktari alitaka picha ya pili baada ya mwaka. Mjomba anasema tutapeleka. Mimi pia nataka, kwa sababu mwendo wa ugonjwa ni jambo la kujua na si la kuogopa. Ila nyumbani tumejaribu kuacha ile namna ya kusoma. Chumvi ikizidi tunasema chumvi imezidi. Bibi akikasirika tunauliza kwanza kama tumemkosea, na mara nyingi jibu ni ndiyo.

Juzi nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitika "Marahaba" papo hapo, ingawa jina langu halikuja. Nikampa ile barua. Hakuisoma, aliishika, akaipapasa mikunjo. Nikamuuliza kuhusu mbuzi wa babu aliyeuzwa. "Mbuzi gani?" alisema, nami nikaliacha hilo, nikamwagia chai. Kikombe kilikuwa kimefika nusu aliponigeukia.

"Wa babu yako?" alisema. "Mbuzi alikuwa wangu."